Mita ya Maegesho na Ugomvi wa Ukingo wa Barabara

Mita ya maegesho ina kazi mbili. Inagawa nafasi chache za kuegesha magari baina ya watu wengi wanaozitaka, na inaiingizia halmashauri ya jiji pesa. Karibu kila mahali ambapo madiwani wametangaza kufunga mita, wao wamezungumzia kazi ya kwanza na wananchi wameshuku ya pili. Shaka hiyo ina msingi. Tangu mita ya kwanza isimikwe mwaka 1935, zipo halmashauri zilizoitumia kupanga mji na zipo zilizoitumia kuziba pengo la bajeti. Dereva aliyesimama ukingoni mwa barabara akitafuta sarafu mfukoni hana dalili yoyote ya kumwonyesha yuko katika mji wa aina gani, maana chombo kilicho mbele yake ni kile kile. Kinachotofautiana ni nani aliyeamua, pesa zinakwenda wapi, na kama uamuzi huo unaweza kurekebishwa ukionekana kuwa mbaya.

Chombo hicho kilizaliwa Oklahoma City, nchini Marekani, na kilizaliwa kutokana na malalamiko ya wenye maduka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 katikati ya mji huo palikuwa pamejaa magari tangu asubuhi. Waliowahi walikuwa wafanyakazi wa maofisini na wa madukani. Waliegesha mbele ya majengo wanamofanyia kazi na kuyaacha magari yao hapo hadi jioni. Mteja aliyekuja saa nne kununua viatu alizunguka mtaa mara tatu au nne, akakosa nafasi, akaondoka na pesa zake. Sheria ya kuzuia gari kukaa muda mrefu ilikuwepo, lakini kuisimamia kulikuwa kazi ngumu. Askari alipita akipiga alama ya chaki kwenye matairi, kisha akarudi baadaye kuona ni magari gani hayajasogea. Aliyetaka kumkwepa alisogeza gari hatua chache au akaifuta chaki kwa kitambaa.

Carl Magee, mhariri wa magazeti aliyekuwa amepata jina huko New Mexico kwa kusaidia kufichua kashfa ya mafuta ya Teapot Dome, alihamia Oklahoma City, na chama cha wafanyabiashara wa mji kikampa jukumu la kushughulikia tatizo la magari. Wazo lake lilikuwa kuifanya kazi ya askari wa chaki ifanywe na mashine, na mashine yenyewe ilipwe na yule anayeitumia nafasi. Aliwageukia wahandisi wa chuo cha Oklahoma A&M, ambacho leo ni Oklahoma State University, na wawili kati yao, H. G. Thuesen na Gerald Hale, wakatengeneza mtambo uliofanya kazi. Mita ya kwanza ilisimikwa tarehe 16 Julai 1935 kwenye kona ya First Street na Robinson Avenue. Bei ilikuwa senti 5 kwa saa.

Ufundi wake unastahili kuelezwa, kwa sababu ndani yake umo ugomvi uliofuata. Dereva alitumbukiza sarafu, akazungusha mkono wa chuma, na mkono huo ukakaza springi ya saa iliyokuwa ndani ya kichwa cha mita. Mshale ulionyesha dakika zilizobaki. Muda ulipokwisha, kibendera kilijitokeza nyuma ya kioo, na askari aliyepita aliweza kukiona kwa mbali. Hakuhitaji tena kukumbuka gari lilifika saa ngapi, wala kubishana na mwenye gari. Mashine ilikuwa shahidi, na haikujali kama mtu amechelewa kwa dakika moja au kwa saa nzima, kama ni mgonjwa anayetoka kwa daktari au mvivu aliyezama kwenye kahawa. Mmoja wa watu wa kwanza kukamatwa Oklahoma City kwa kosa hilo, mwezi uliofuata, alikuwa mchungaji. Utetezi wake ulikuwa kwamba aliingia dukani kutafuta chenji ili arudi kulipa, na shauri lake likafutwa. Huruma hiyo, ambayo askari wa zamani angeweza kuionyesha papo hapo barabarani, sasa ilibidi itafutwe mahakamani.

Mji haukufunga mita kila mahali kwa mara moja. Zilisimikwa upande mmoja tu wa baadhi ya mitaa, futi 20 kutoka moja hadi nyingine, na upande wa pili ukaachwa kama ulivyokuwa. Matokeo yalionekana ndani ya siku chache. Upande wenye mita nafasi zilipatikana, magari yalikuja na kuondoka, na wateja waliingia madukani. Upande usio na mita ulibaki umezibwa na magari ya wale wale wa asubuhi hadi jioni. Wenye maduka wa upande huo, ambao wangetarajiwa kushukuru kwa kuachwa, walikwenda kudai mita nao. Hakuna hoja iliyoisaidia mita kuenea zaidi kuliko jambo hilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 Marekani ilikuwa na mita zaidi ya 140,000.

Madereva waliona tofauti. Wengi walishikilia hoja moja iliyokuwa na nguvu ya kweli: barabara ni mali ya umma, imejengwa kwa kodi, na mtu hawezi kutozwa mara ya pili kwa kitu alichokwisha kukilipia. Wamiliki wa majengo waliongeza ya kwao, kwamba haki ya kufika mlangoni kwao kutoka barabarani ni sehemu ya mali yao, na mji hauwezi kuipangisha kwa saa. Kesi zilifunguliwa katika majimbo mbalimbali, na majaji hawakukubaliana. Mwaka 1937 Mahakama Kuu ya jimbo la Oklahoma iliupa mji ushindi, ikisema kwamba kudhibiti matumizi ya barabara ni mamlaka halali ya serikali na kwamba ada inayotozwa ni gharama ya udhibiti huo. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Alabama, katika kesi iliyouhusu mji wa Birmingham, iliamua kinyume na kuitupa sheria ndogo ya mita.

Kilichojitokeza kutoka kwenye kesi hizo, kwa miaka kadhaa, ni kanuni ambayo majaji wengi waliikubali: mita ni halali ikiwa lengo lake ni kupanga maegesho, na si halali ikiwa ni kodi iliyovaa nguo za udhibiti. Kanuni hiyo ilikuwa nzuri karatasini. Tatizo ni kwamba mahakama haiwezi kuingia ndani ya mioyo ya madiwani, na hesabu za jiji huandikwa kwa namna inayoweza kuonyesha karibu lolote. Kadiri mapato yalivyoongezeka, ndivyo majiji yalivyozoea kuyategemea, na ndivyo majaji walivyozidi kulifumbia macho swali la kiasi gani ni gharama na kiasi gani ni faida. Mahali ambapo mahakama ziliwashinda, wapinzani walitumia kura. North Dakota ni mfano mkubwa kuliko yote: mwaka 1948 wapiga kura wa jimbo hilo, wakiongozwa na hasira ya wakulima waliokuwa wakipigwa faini wanapokuja mjini kununua mahitaji, walipitisha sheria ya kupiga marufuku mita za maegesho katika mitaa ya jimbo zima. Marufuku hiyo ilidumu kwa miongo mingi.

Bei ya nafasi

Aliyeipa mita hoja yake bora zaidi ni Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa chuo kikuu cha UCLA, ambaye kitabu chake cha mwaka 2005, The High Cost of Free Parking, kilibadilisha namna wapangaji wa miji wanavyofikiri. Shoup alianza na jambo ambalo kila dereva analijua lakini halihesabu: muda unaopotea kuzunguka mtaani kutafuta nafasi. Magari hayo yanayozunguka yanachoma mafuta, yanaziba njia, yanahatarisha waenda kwa miguu, na yote hayo ni kwa sababu nafasi ya ukingoni ni ya bure au ni rahisi mno kuliko ya jengo la maegesho lililo karibu. Kitu cha bure kinachotakiwa na wengi huishia kwa aliyewahi, na aliyewahi si lazima awe mwenye shida zaidi. Pendekezo lake lilikuwa kila mtaa uwe na bei yake, itakayoacha takriban asilimia 15 ya nafasi wazi wakati wote, yaani nafasi moja au mbili katika kila upande wa mtaa. Mahali penye shughuli nyingi bei ipande, pasipo na watu ishuke, hata ifike sifuri.

Ukiisoma hoja hiyo kwa makini, inaonyesha kwa nini tozo nyingi za maegesho hazifanyi kazi inayodaiwa. Nairobi inatoa mfano ulio karibu. Kwa miaka mingi dereva anayeingia katikati ya jiji hilo amekuwa akilipa ada ya siku nzima, si ya saa. Akishalipa, hana sababu ya kuondoka mapema. Aliyelipia siku na akakaa dakika 40 amepunjwa, na aliyekaa saa tisa amefaidi. Kwa hiyo ada inazawadia tabia ile ile iliyowaudhi wenye maduka wa Oklahoma City. Ilipopandishwa kutoka shilingi 140 hadi 300 chini ya sheria ya fedha ya kaunti ya mwaka 2013, wananchi walilalamika na suala likafikishwa mahakamani, na wenye kulalamika walikuwa na haki ya kuuliza ongezeko hilo linapanga nini hasa, ikiwa gari lililofika saa moja asubuhi bado litakuwa pale pale saa kumi na moja jioni. Dar es Salaam hutoza kwa saa, jambo lililo karibu zaidi na kazi ya kupanga. Lakini TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini wa Tanzania, ilipohamia mfumo wa kielektroniki mwaka 2021, mkusanyaji alisajili namba ya gari kwenye mashine na deni likaingia kwenye mfumo, na malalamiko makubwa yakatoka kwa madereva waliokuta madeni yamelimbikizwa bila wao kujua. Bei isiyojulikana wakati mtu anaegesha haiwezi kumfanya aamue kuondoka mapema. Inabaki kuwa deni tu.

Shoup alielewa pia kwamba hoja ya bei peke yake haishindi kikao cha hadhara. Mwanauchumi anaweza kuthibitisha ubaoni kwamba mita ni jambo jema, na ukumbi mzima ukamzomea. Ndiyo maana alirudi mara nyingi kwenye kisa cha mtaa wa Old Pasadena, California.

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Old Pasadena ulikuwa mtaa uliochakaa: majengo mazuri ya zamani, maduka yaliyofungwa, vichochoro vichafu, watu wa kipato wakiukwepa. Biashara zilipoanza kurudi, tatizo la zamani lilirudi nalo. Nafasi za ukingoni zilijaa magari ya wafanyakazi wa maduka yenyewe, ambao walitoka kila baada ya saa mbili kuyasogeza ili wasipigwe faini. Halmashauri ilipopendekeza mita, wenye maduka walikataa. Walisema wateja wachache waliopo watakimbilia kwenye maduka makubwa ya pembeni mwa mji, yenye viwanja vya kuegesha vya bure. Mazungumzo yakakwama kwa karibu miaka miwili.

Kilichofungua njia ni ahadi moja: pesa zote za mita baada ya gharama zitabaki Old Pasadena. Hazitakwenda kwenye mfuko mkuu wa jiji. Zitatengeneza njia za miguu, zitapanda miti, zitaweka taa na mabenchi, zitasafisha vichochoro, na bodi ya wafanyabiashara na wamiliki wa majengo wa pale pale itashauri zitumikeje. Ghafla watu waliokuwa wakipinga mita walianza kujadili zifanye kazi hadi saa ngapi usiku, na wakakubali zitoze hata Jumapili. Mwaka 1993 mita 690 zilifungwa, kwa dola 1 kwa saa. Jiji lilikopa dola milioni 5 kwa dhamana ya mapato hayo ili kazi ya ukarabati ianze mara moja, na watu waone kinachotokana na sarafu zao kabla hawajachoka kuzitoa. Kufikia mwaka 2001 mapato baada ya gharama yalikuwa dola milioni 1.2 kwa mwaka, na mtaa ulikuwa miongoni mwa sehemu zinazotembelewa sana katika eneo la Los Angeles. Wakati huo huo Westwood Village, mtaa wa jirani na chuo cha Shoup mwenyewe, ulikwenda njia nyingine: wafanyabiashara walidai bei ya mita ipunguzwe wakidhani wateja watarudi, bei ikapunguzwa, na njia za miguu zikaendelea kupasuka huku maduka yakifungwa.

Si sahihi kusema mita ndizo zilizoufufua Old Pasadena. Mtaa ulikuwa na majengo, ulikuwa na wawekezaji, ulikuwa tayari umeanza kuinuka. Lakini mita zilipata kitu adimu, yaani kukubaliwa na wale wale waliozikataa, na zilikipata bila hila. Hakuna aliyedanganywa kuhusu pesa.

Chicago, 2008

Desemba 2008, huku mtikisiko wa uchumi ukiwa umekausha mapato ya majiji mengi ya Marekani, meya wa Chicago, Richard M. Daley, alitangaza kwamba amepata dola bilioni 1.15 taslimu. Jiji lingekodisha mita zake zote, takriban 36,000, kwa miaka 75, kwa kampuni iliyoundwa na benki ya uwekezaji ya Morgan Stanley na iitwayo Chicago Parking Meters. Tangazo lilitolewa tarehe 2. Baraza la jiji lilipiga kura tarehe 4. Madiwani 40 walikubali, 5 walikataa.

Siku mbili. Mkataba wenyewe ulikuwa na mamia ya kurasa, na uliwafunga watu ambao wazazi wao walikuwa bado hawajazaliwa. Madiwani hawakuwa na tathmini huru ya thamani ya mali wanayoikodisha. Waliambiwa soko la fedha linayumba na kwamba ofa inaweza kupotea, na wengi wao walikuwa wamezoea kumfuata meya katika mambo makubwa. Mmoja mmoja wanaweza kusamehewa kwa kutojua. Kama baraza, walikuwa na kazi moja tu siku ile, nayo ni kuuliza mali ina thamani gani, na hawakuifanya.

Swali hilo lilijibiwa miezi sita baadaye na mkaguzi mkuu wa jiji, David Hoffman. Ripoti yake ya Juni 2009 ilikadiria kwamba mfumo wa mita, kama jiji lingeubakiza mikononi mwake kwa miaka hiyo 75 na kupandisha bei kwa kiwango kile kile lilichoiruhusu kampuni, ulikuwa na thamani ya takriban dola bilioni 2.13. Jiji lilikuwa limepokea karibu dola milioni 974 pungufu. Serikali ya meya iliyapinga mahesabu hayo, ikisema mkaguzi anadhani jiji lingekuwa na ujasiri wa kupandisha bei kiasi hicho, jambo ambalo kisiasa lisingewezekana. Utetezi huo unasema mengi kuliko uliokusudiwa. Unakiri kwamba sehemu ya kile kilichouzwa ilikuwa lawama yenyewe: kampuni ingepandisha bei, na diwani angeweza kusema si yeye.

Bei zilipanda kweli. Katika mitaa mingi ya makazi dereva alikuwa akilipa senti 25 kwa saa. Mwaka 2009 ikawa dola 1, na kufikia 2013 ikawa dola 2. Katika Loop, kitovu cha biashara, bei ilikuwa dola 3 kabla ya mkataba, ikapanda hadi 3.50 mwaka huo wa kwanza, na kufikia 2013 ilikuwa dola 6.50. Kampuni ilikabidhiwa mita tarehe 13 Februari 2009, na kwa wiki kadhaa mita zile zile za zamani, zilizotengenezwa kwa bei za zamani, zilitakiwa kumeza bei mpya. Kuegesha saa mbili katika Loop kulihitaji sarafu 28 za robo dola. Madereva walitembea na mifuko iliyojaa sarafu. Matumbo ya mita yalijaa kabla ya wakusanyaji kufika, sarafu ya ishirini ikakwama, na mwenye gari akabaki na mita iliyokula pesa zake bila kumpa dakika hata moja. Vibandiko vya bei havikulingana na mtambo ulivyohesabu. Wengine waliziba matundu kwa gundi, wengine walivunja vioo, wengine waliitisha mgomo wa kutoegesha kabisa mahali penye mita. Hasira ilifika kiasi kwamba kampuni ililazimika kusitisha kwa muda upandishaji wa bei na utoaji wa faini hadi mitambo itengemae. Baadaye mita za vichwa ziliondolewa na badala yake vikaja visanduku vya malipo, kimoja kwa mtaa, vinavyopokea kadi na kutoa risiti ya kuweka kwenye dashibodi.

Watu wa nje ya Chicago walilikumbuka tukio hilo kwa sarafu na gundi. Madhara makubwa zaidi yalikuwa kwenye vifungu vya mkataba, na yalichelewa kuonekana. Kampuni haikununua vyuma tu. Ilinunua mapato yatakayotokana na nafasi hizo hadi mwaka 2083. Kwa hiyo kila mara jiji linapoondoa nafasi ya kuegesha kwa muda, kwa tamasha la mtaa, kwa ukarabati wa bomba la maji, kwa gwaride, linapaswa kuifidia kampuni. Linapotaka kuondoa nafasi moja kwa moja ili kuweka njia ya baiskeli au ya mabasi, linapaswa kutafuta nafasi nyingine zenye thamani inayolingana mahali pengine. Magari ya watu wenye ulemavu, ambayo hayakulipia, yaligeuka kuwa madai ya mamilioni ya dola dhidi ya jiji. Meya Rahm Emanuel, aliyemfuata Daley, aligombana na kampuni kuhusu madai hayo, na mwaka 2013 alifikia makubaliano mapya: maegesho ya Jumapili yakawa bure katika mitaa ya nje ya kitovu cha jiji, na kwa upande wa pili saa za kutoza zikarefushwa hadi usiku katika siku nyingine. Kwa mwenye mgahawa anayetegemea wateja wa jioni, hiyo haikuwa zawadi.

Hapa ndipo ubaya wa mkataba ule unapokamilika. Mita ni chombo cha kupanga barabara, na jiji lililiachia shirika lenye sababu moja tu ya kukitumia. Mpangaji wa mji anayetaka kupunguza magari katikati ya Chicago anakuta kwamba kila gari linalopungua ni hasara kwa mwekezaji na ni deni kwa walipa kodi. Ni kama mwenye nyumba aliyepokea kodi ya miaka 75 kwa mkupuo, akaitumia, kisha akagundua kwamba kila akitaka kutoboa dirisha anamlipa mpangaji.

Na pesa zilitumika. Jiji lilikuwa limetenga dola milioni 400 ziwe akiba ya muda mrefu, ili faida yake ifidie mapato ya takriban dola milioni 20 kwa mwaka yaliyokuwa yakitoka kwenye mita. Zilizobaki zilikusudiwa kuziba mapengo ya bajeti za miaka michache na kugharamia huduma za jamii. Lakini bajeti zilizofuata zilikuwa mbaya, na Daley alipoondoka madarakani mwaka 2011 sehemu kubwa ya fedha zote, pamoja na sehemu ya ile akiba, ilikuwa imekwisha. Emanuel alilazimika kuanza kuirudishia. Upande wa kampuni, ambamo fedha za Abu Dhabi na za kampuni ya bima ya Ujerumani, Allianz, zilikuwa zimeungana na za Morgan Stanley, mambo yalikwenda vizuri. Kufikia mwaka 2022 mapato yaliyokusanywa na mita tangu mwanzo yalikuwa yamekwisha kukivuka kiasi kilicholipwa mwaka 2008, huku miaka zaidi ya 60 ya mkataba ikiwa bado imebaki. Wananchi waliokwenda mahakamani kudai kwamba jiji halikuwa na haki ya kukodisha mamlaka yake juu ya barabara za umma walishindwa. Hoja yao ilikuwa nzito, na inafanana kwa karibu na ile iliyotolewa Oklahoma miaka 70 kabla, lakini majaji hawakuwa tayari kuuvunja mkataba uliopitishwa na baraza halali.

Majiji mengine yaliitazama Chicago na kujifunza kwa viwango tofauti. Pittsburgh ilikuwa na shida kubwa ya mfuko wa pensheni, na meya wake alileta pendekezo la kukodisha mita na majengo ya maegesho kwa miaka 50 kwa dola milioni 452. Madiwani waliomba tathmini huru, wakafanya vikao vya hadhara, wakawasikiliza wenye maduka waliokuwa wakiitaja Chicago kwa jina, na Oktoba 2010 wakalikataa. Badala ya kukodisha, walitafuta namna ya kuelekeza mapato ya maegesho yenyewe kwenye pensheni, hali mita zikibaki mali ya umma.

Indianapolis, mwaka huo huo, ilikodisha kwa miaka 50, na baraza lilikubali kwa tofauti ndogo sana ya kura. Lakini masharti yalikuwa mengine kabisa. Malipo ya mwanzo yalikuwa dola milioni 20 tu. Jiji lilibakiza sehemu kubwa ya mapato ya kila mwaka, hivyo meya wa baadaye asingekuta sanduku tupu, na liliweka kifungu cha kuliwezesha kujitoa kila baada ya miaka 10. Mapato hayo yalielekezwa kwenye barabara na njia za miguu za maeneo ambako mita zipo. Wapinzani walisema hata hivyo miaka 50 ni mingi kwa teknolojia inayobadilika upesi, na kwamba kampuni binafsi haina kazi ya kufanya ukingoni mwa barabara ambayo mtumishi wa jiji hawezi kuifanya. Hoja ya pili haijapata jibu la kuridhisha popote. Mita za kisasa ni mashine zinazonunuliwa sokoni, kukusanya malipo ya kadi na simu hakuhitaji mtaji mkubwa, na Pasadena iliendesha za kwake bila kumkodisha mtu.